Mota ya umeme kwenye mashua kuukuu ya tanga: tunaupima umbali, tunausahau mwendo

Mwenye mashua kuukuu ya tanga akisema anataka kung'oa injini ya dizeli na kufunga mota ya umeme, jibu analopewa huwa lile lile: hutafika mbali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inakipima chombo cha tanga kama boti ya injini, na hapo ndipo mjadala unapokwenda kombo.

Tuanze na ukweli usiokwepeka. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Hata robo tatu zikipotelea kwenye joto na moshi, 2.5 hufika kwenye shafti. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 10, ile ya fosfati ya chuma ambayo haiwaki moto kirahisi, ina uzito wa kilo 100 hivi, na kazi yake haizidi ya lita nne za dizeli. Dumu moja la lita 20 linaishinda mara tano. Anayevuka bahari kuu na kutegemea injini siku upepo unapokufa, asidanganywe na mtu.

Sasa tazama mwendo. Nguvu ya kusukuma chombo majini haipandi sambamba na kasi. Hupanda takriban kwa kipeo cha tatu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika huwa mara nane. Chukua mashua ya mita tisa inayohitaji kilowati 8 ili iende maili sita za baharini kwa saa. Betri ile ya kilowati-saa 10 itaisha kwa saa moja na robo, na umepata maili saba na nusu. Punguza hadi maili tatu kwa saa: sasa inatosha kilowati moja, betri inadumu saa kumi, nawe umekwenda maili 30. Weka akiba ya moja ya tano, bado zimebaki 24. Betri ni ile ile na mashua ni ile ile. Wanaosema umeme haufiki mbali huwa wamesoma ule mstari wa kwanza tu.

Na ni lini mwenye tanga anahitaji maili sita kwa saa za injini? Kazi yake kubwa ni kutoka gatini, kupita kati ya vyombo vilivyotia nanga, kisha kutweka tanga na kuzima. Kazi hiyo fupi ndiyo inayoiua dizeli. Inazimwa kabla haijapata moto sawasawa, masizi yanaganda kwenye njia ya moshi, na mafuta yanayokaa muda mrefu tangini yanaingia maji na uchafu. Mota haina pampu ya maji ya chumvi inayokula mpira wake, wala haiachi mafuta meusi kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Unapojibana gatini, inavuta kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza, mbele au nyuma, bila kusubiri gia.

Hoja ya dizeli ninayoiheshimu kweli ni ile ya upepo mkali unaokusukuma kuelekea miamba. Hapo unahitaji nguvu zote kwa saa kadhaa, na betri inakupa moja. Wengine hubeba jenereta ndogo, na sioni ubaya. Ila kinga ya kwanza ya chombo cha tanga ni tanga zenyewe, pamoja na nanga nzuri. Kama tanga zako zimechoka kiasi kwamba haziwezi kwenda mbisho, yaani kukabili upepo, fedha ziende huko kabla ya kununua mota.

Wauzaji nao hutia chumvi. Paneli za sola za wati 400, siku ya jua kali, hurudisha kilowati-saa moja na nusu hadi mbili: karibu saa mbili za mwendo wa pole. Rafadha, yaani panga linalosukuma chombo, ikizungushwa na maji wakati wa kusafiri kwa tanga huchaji kidogo tu kwenye mashua ndogo, tena inapunguza kasi. Hatari yenyewe haitajwi sana: kwa volti 48, kilowati 10 ni zaidi ya ampea 200, na kiungo cha waya kilicholegea kwenye hewa ya chumvi hupata moto haraka. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Dizeli yako ikiwa nzima na inakunywa lita chache kwa mwaka, iache. Kuing'oa kwa ajili ya moshi huo mdogo hakuna faida ya maana. Ikiwa imekufa, pima kabla ya kununua chochote. Siku ya maji shwari, omba boti nyingine ikuvute kwa maili tatu kwa saa, kamba ikiwa imefungwa kwenye mizani ya kuning'iniza. Mizani ikisoma kilo 30, hiyo ni kama wati 460. Rafadha na mota vitapoteza nusu hivi, kwa hiyo utahitaji karibu kilowati moja. Ikisoma zaidi ya hapo, safisha kwanza chini ya chombo, kisha upime tena.