Baipleni ya rimoti kwa anayeanza: bawa la pili linasaidia wapi, linaponza wapi

Anayetafuta ndege yake ya kwanza ya rimoti mara nyingi huvutwa na baipleni, ile yenye bawa la juu na la chini yaliyoshikanishwa kwa nguzo. Muuzaji atamwambia inaruka polepole, kwa hiyo inamfaa. Mzoefu atamwambia aachane nayo, aanze na ndege ya bawa moja la juu. Wote wawili wana hoja, na hoja zenyewe zinapimika.

Tuanze na upole unaosifiwa. Chukua baipleni ya povu ambayo kila bawa lina urefu wa sm 120 na upana wa sm 18. Jumla ni desimita za mraba 43. Ikiwa na gramu 1,400 pamoja na betri, kila desimita inabeba gramu 32 hivi. Ndege ya bawa moja yenye urefu uleule, upana wa sm 20 na uzito wa gramu 1,100, inabebesha kila desimita gramu 46. Kadiri mzigo huo unavyopungua, ndivyo ndege inavyoweza kuruka polepole bila kuanguka. Hesabu hii inaipendelea baipleni kidogo, kwa sababu mabawa yanayokaa karibu huvurugiana hewa, hayabebi mara mbili ya bawa moja. Hata hivyo nafuu ipo, na anayerusha Nairobi ataihitaji: kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko usawa wa bahari, na ndege ileile inahitaji mwendo wa asilimia 9 zaidi ili ibaki hewani.

Shida ni kwamba kilichoipa upole ndicho kinachoinyima mteremko mzuri. Mabawa mawili, nguzo, nyaya na magurudumu yote yanaburuta hewa. Ndege ya bawa moja ukiizima mota inaelea, inakupa muda wa kufikiri. Baipleni ukiizima inapunguza mwendo papo hapo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapovunja: wanakata nguvu kwenye mita tatu kutoka ardhini, kisha wanavuta eleveta, kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, ili kuinua pua. Mwendo unaisha, bawa linaacha kubeba, ndege inaanguka kama jiwe. Baipleni hutuliwa na mota ikiwa bado inazunguka, robo hadi theluthi ya nguvu, mpaka magurudumu yaguse. Kwa sababu hiyo weka saa ya rimoti ilie dakika ya tano, ili betri ya 3S (seli tatu) ya mAh 2,200 (kipimo cha chaji inayobeba) iwe na akiba ya kurudia mzunguko wa kutua.

Ardhini pia kuna kazi. Karibu baipleni zote zina gurudumu dogo la mkiani. Ukisukuma nguvu yote kwa mara moja, pua inakimbilia kushoto. Ongeza nguvu taratibu kwa sekunde tatu, shikilia eleveta juu kidogo ili mkia usinyanyuke mapema, na uwe tayari kugusa usukani wa mkiani kulia. Kwenye nyasi ndefu, vua vifuniko vya magurudumu, la sivyo ndege inapiga pua na propela inakatika. Beba propela za akiba tatu.

Lakini kinachotutia wasiwasi zaidi ni ufungaji, kwani kosa lake halionekani. Mabawa manne ya kushoto na kulia lazima yakae kwa pembe sahihi. Weka ndege mezani, tegemeza mkia mpaka mwili ulale sawa, kisha chukua rula na upime kimo cha ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila bawa, sehemu ileile kushoto na kulia. Kwa bawa la sm 18, milimita 3 tu ni sawa na digrii 1. Kushoto kukipishana na kulia kwa kiasi hicho, ndege inalalia upande mmoja tangu inapoacha ardhi, na mwanafunzi anadhani mkono wake ndio mbovu. Mara nyingi kosa ni skrubu ya nguzo iliyokazwa kupita kiasi ikapinda povu.

Halafu kuna ajali, maana zitakuja. Kwenye ndege ya bawa moja, bawa lililofungwa kwa mipira ya kuvutika huchomoka likigonga, na unalirudisha kwa dakika moja. Kwenye baipleni nguzo zinapeleka kishindo mpaka kwenye mwili, na gundi inaenda sehemu nne badala ya moja. Anayekwenda uwanjani kwa bodaboda afikirie pia kwamba kufungua na kufunga skrubu kila safari kunalegeza matundu ya povu.

Je, hakuna baipleni ya mwanzoni? Ipo, ila si kila moja. Tafuta mfano wa ndege iliyojengwa kufundishia marubani, kama Tiger Moth ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, au Stearman ya Marekani. Epuka mfano wa Pitts: iliundwa kwa sarakasi, ni fupi na inageuka upesi kuliko macho ya mgeni. Chagua yenye urefu wa sm 110 au zaidi, yenye jairo, kifaa kinachohisi ndege inapoyumba na kuisawazisha, ndani ya kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Tiger Moth na Stearman zina eleroni, vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, kwenye bawa la chini tu, na eleroni inayoshuka huvuta pua upande usiotakiwa. Ipe eleroni milimita 12 juu na 6 chini, na kwenye rimoti uchanganye usukani wa mkiani kwa asilimia 25, yaani ujisogeze wenyewe kila unapotumia eleroni. Rusha asubuhi, kwa Pwani, kabla upepo wa baharini haujaamka.

Mwenye mwalimu pembeni anaweza kuanza na Tiger Moth ya namna hiyo bila majuto. Anayejifunza peke yake tungemshauri anunue ya bawa moja kwanza, ila achague inayotumia betri ya 3S ya mAh 2,200. Rimoti, chaja na betri hizohizo zitahamia kwenye baipleni atakapoweza kutua mara kumi mfululizo bila kuvunja propela.