Amri za vekta: kuandika kwa mkono au kuiachia kompaila?

Amri ya vekta hufanya hesabu ileile kwa namba kadhaa kwa mkupuo; kompaila ni programu inayogeuza msimbo wako kuwa amri za prosesa. Rejista za prosesa, yaani vihifadhi vidogo vya ndani vinavyobeba namba hizo, zimekuwa zikipanuka kwa miaka mingi. SSE, kundi la amri za vekta lililokuja na Pentium III mwaka 1999, ilileta rejista za biti 128, zinazobeba namba 4 za desimali za biti 32. AVX, kundi lililofuata mwaka 2011, ikafika biti 256, yaani namba 8 kwa amri moja. Ndiyo maana wengi hutarajia programu ikimbie mara 8, kisha wakapima na kukuta haijafika hata mara 2. Hapo hubishana: je, tatizo ni kompaila, na dawa ni kuandika amri hizo kwa mkono?

Wanaoitetea kompaila wana hoja nzito. Kompaila ya GCC ikipewa chaguo la -O3 hugeuza lupu (vipande vya msimbo vinavyojirudia) nyingi kuwa za vekta yenyewe, na chaguo la -fopt-info-vec-missed hukueleza ni lupu gani imeshindikana na kwa nini. Mara nyingi kikwazo ni kidogo: kompaila haina hakika kwamba safu mbili haziingiliani kwenye kumbukumbu. Neno restrict la lugha ya C kwenye pointa (kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu) humaliza shaka hiyo.

Kikwazo kigumu zaidi ni kujumlisha safu ya desimali. Kutumia vekta hapo hubadili mpangilio wa kujumlisha, nayo kompaila hukataa, na ina haki. Katika biti 32, 16777216 ukiongeza 1 hubaki 16777216. Ongeza 1 nyingine, bado ni ileile. Lakini ukianza na 1 + 1, kisha ukaongeza 16777216, jibu ni 16777218. Wengi hukimbilia chaguo la -ffast-math, linalolegeza kanuni za desimali, nami naona hilo ni kosa kubwa, kwa sababu linairuhusu kompaila kudhani kwamba NaN (thamani ya "si namba") haipo, na ukaguzi wako wa isnan unaweza kufutwa kimyakimya. Afadhali utoe ruhusa kwenye lupu moja tu, kwa #pragma omp simd reduction(+:jumla) pamoja na -fopenmp-simd.

Hata hivyo, lupu hiyohiyo ndiyo inayowapa nguvu wanaoandika kwa mkono. Kwenye prosesa za Intel za Skylake, kujumlisha huchukua mapigo 4 ya saa ya prosesa, ingawa kila pigo linaweza kuanzisha jumla 2 mpya. Ukiwa na kijumlishi (rejista inayokusanya jumla) kimoja cha vekta, kila hatua inasubiri iliyotangulia: namba 8 kwa mapigo 4. Ili prosesa isikae bure unahitaji vijumlishi 8 vinavyojitegemea, uviunganishe mwishoni. GCC kwa kawaida huweka kimoja. Tofauti hiyo ni mara 8, mradi data iko ndani ya kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa.

Gharama yake nayo si ndogo. Safu ya namba 1003 ni vekta 125 na mabaki 3, na makosa hupenda kujificha kwenye mabaki hayo. Jaribu kila urefu kuanzia 0 hadi angalau 17. _mm256_load_ps, amri ya kupakia vekta ya AVX, hutaka anwani inayogawanyika kwa 32, ilhali malloc, inayokupa kumbukumbu, kwenye mifumo mingi ya biti 64 huahidi 16 tu, kwa hiyo programu huanguka siku moja na siku nyingine ikapita. Tumia _mm256_loadu_ps, isiyodai hivyo. Na mashine isiyo na AVX itaisimamisha programu kwa kosa la amri isiyojulikana, usipoiuliza kwanza kwa __builtin_cpu_supports("avx") na kuwa na njia mbadala. Kwa prosesa za ARM, zenye amri tofauti, unaandika upya.

Kabla ya yote hayo, piga hesabu ya kumbukumbu. Lupu ya a[i] = b[i] + c[i] husogeza angalau baiti 12 kwa kila jumla moja. Kumbukumbu ikitoa gigabaiti 20 kwa sekunde, hutavuka jumla bilioni 1.7, na amri za kawaida kwenye prosesa ya gigahezi 3 zinaweza kufika hapo bila vekta yoyote. Hapa wote wawili wanabishania kisichokuwepo. Kinachosaidia ni kuunganisha lupu mbili ziwe moja ili data isomwe mara moja, au kutenganisha sehemu za muundo: ukihitaji x pekee kati ya x, y, z na uzito, weka x zote kwenye safu yake, maana sasa robo tatu ya kila unachokisoma inatupwa.

Kwangu, mkono unastahili pale tu kipimo kinapoonyesha lupu inabanwa na hesabu, si na kumbukumbu, na inakula sehemu kubwa ya muda. Lupu inayochukua asilimia 40 ikiharakishwa mara 8, programu nzima hupata mara 1.5 tu. Na lupu ya kawaida isifutwe: ndiyo ya kulinganishia majibu, kwa kuacha nafasi ya tofauti ndogo za desimali.