Furu mmemsahau

Makala yenu inasema sangara, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, ndiye aliyemaliza samaki wa Ziwa Victoria, basi. Kwani mle ndani mlikuwa na nani? Furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, hakuwa samaki mmoja, ni mamia ya spishi: wapo waliokula mwani, wapo wa tope la chini, wengine walivunja konokono, hao hao wanaobeba kichocho. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 furu wengi wametoweka. Dagaa akabaki, uduvi wakaongezeka.

Na mbolea na maji machafu yanayoingia ziwani, mbona hamkuyagusa? Halafu sangara ana mafuta, hakauki juani kama furu, anataka moshi. Kuni zikatoka wapi? Miti ya hapo hapo kando ya ziwa.