Chaneli tatu za Wi-Fi: uvivu au akili?

Fundi anayefunga Wi-Fi ya gesti au duka hapa Kigoma akisema "mimi naweka 1, 6 na 11 tu, na upana megahazi 20," wenzake humcheka. Masafa ya gigahazi 2.4 ya Wi-Fi yana chaneli 13, yaani njia za kupitisha mawimbi, mbona anajibana kwa tatu? Mpango wa kitoto huo, wanasema.

Juzi nilisimama kwenye korido ya gesti moja ya Mwanga, nimefungua programu ya kupima mawimbi kwenye simu. Ruta ya chini iko chaneli 1, ya juu iko 6, na duka la jirani limejikalia chaneli 3. Mwenye duka aliichagua kwa kuwa aliiona tupu. Tupu wapi! Chaneli zimeachana megahazi 5 tu, na kila ruta inatandaza 20. Hiyo 3 imelalia nusu ya 1 na robo ya 6. Kaharibu za watu wawili, na yake haijapona. Zile 1, 6 na 11 zimeachana megahazi 25, ndiyo maana hazilaliani.

Ruta mbili zikiwa chaneli moja husikilizana: hii ikisema, ile inangoja, kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Utachelewa, lakini maji utapata. Zikilaliana nusunusu, kila moja humsikia mwenzake kama kelele. Data inaharibika njiani, inatumwa upya, inaharibika tena. Mgeni chumbani anaona alama ya Wi-Fi imejaa na video haifunguki. Lawama zinakwenda kwa kampuni ya intaneti, na mwenye gesti anapandisha kifurushi. Huyu alikuwa kapandisha mara mbili, pesa za bure kabisa.

Wanaopinga nao wana hoja. Kwenye masafa mengine ya Wi-Fi, ya gigahazi 5, chaneli ni nyingi, kujibana huko ni kujinyima. Ruta nyingi zikiongozwa na kidhibiti kimoja, yaani mfumo unaozisimamia zote, kuacha mfumo uchague wenyewe kunafaa. Lakini ruta za bei nafuu mara nyingi huchagua zinapowaka tu. Umeme ukikatika na kurudi, mtaa mzima unachagua kwa mkupuo, kila moja ikidhani iko peke yake.

Wapo pia wanaopanga chaneli nne: 1, 5, 9 na 13. Kwa hesabu zinakaa, pengo ni megahazi 20 kamili. Ila jirani mmoja akibaki 6 ameshazilalia 5 na 9, na Mwanga nani ataitisha kikao cha ruta? Tena vifaa vingi vya soko la Marekani huishia 11, havioni 13 kabisa.

Kweli, sokoni penye ruta kila kibanda, tatu hazitoshi. Hapo punguza nguvu ya mawimbi, au hamia gigahazi 5 ukijua kuta za matofali zitayapunguza haraka zaidi.

Mwenye duka tulimwomba ahamie 11. Ilichukua soda moja na dakika mbili, na moja katika hizo alikuwa anatafuta nywila ya ruta yake.