Kuomba kadi ya mkopo Marekani: hofu iko mahali pake?

Mtu aliyezoea habari za CRB za Kenya, yaani taasisi za kumbukumbu za mikopo, akihamia Marekani huja na imani kwamba taasisi hizo ni daftari la wadaiwa sugu, na salama ni jina lako lisionekane humo. Kule mambo ni kinyume. Asiye na kumbukumbu hana alama, yaani namba inayoonyesha anavyoaminika kulipa mkopo, na bila alama mwenye nyumba anaweza kukudai amana kubwa na mkopo wa gari ukaja na riba kali. FICO, kipimo kinachotumiwa sana, hakikupi alama mpaka uwe na akaunti ya mkopo au ya kadi iliyotimiza angalau miezi sita. Ndiyo maana mgeni hulazimika kuomba kadi. Akiuliza waliomtangulia, anaambiwa: "Usiombeombe kadi, kila ombi linakushusha."

Wanaosema hivyo hawadanganyi. Ukituma ombi, benki huangalia taarifa zako kwenye taasisi za kumbukumbu za huko, Equifax, Experian au TransUnion, na ukaguzi huo huandikwa. Hukaa kwenye kumbukumbu miaka miwili, japokuwa FICO huuhesabu kwa miezi 12 tu. Kwa watu wengi ombi moja hupunguza chini ya alama tano, katika kipimo cha 300 hadi 850. Mwenye historia changa huumia zaidi. Tena, anayetafuta mkopo wa nyumba au gari akiuliza benki kadhaa ndani ya siku 45, matoleo mapya ya FICO huhesabu kama ombi moja. Kadi hazina huruma hiyo: maombi manne ni manne, hata yote yakikataliwa. Kadi mpya pia hupunguza wastani wa umri wa akaunti zako.

Lakini tazama upande wa pili kwa hesabu. Una kadi moja yenye kikomo cha kukopa cha dola 1,000 na unadaiwa 600: umetumia asilimia 60, kiwango kinachoumiza alama. Ukipewa ya pili yenye kikomo cha 2,000 na deni likabaki 600, sasa umetumia asilimia 20. Deni ni lilelile, alama zinaweza kupanda. FICO huipa mikopo mipya asilimia 10 ya uzito wote, ilhali kiasi unachodaiwa kina asilimia 30 na kulipa kwa wakati asilimia 35. Kwa uzito huo, naona hofu ya ombi moja imekuzwa mno.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni hicho kikomo kipya chenyewe. Kinakufaa kikibaki wazi, bila kutumiwa, na kwetu sisi wenye ndugu nyumbani, kukiacha wazi si kazi ndogo. Simu inaingia usiku kutoka Kigoma au Bukavu: msiba, mchango unahitajika kesho. Kadi ipo mfukoni. Ukitoa fedha taslimu kwa kadi, kwa kawaida unakatwa ada papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila zile wiki za neema zisizo na riba unazopata ukinunua bidhaa. Mwezi ujao malipo yanakuwa mazito, na ukichelewa siku 30 au zaidi, benki inaweza kuripoti, doa likakaa miaka saba. Hakuna mwanadamu wa kumlaumu kwa kuzika wake. Ila mtu huyo ataambiwa alama zimeshuka kwa sababu ya "kuomba kadi", kumbe ombi lilimgharimu alama chache tu.

Kwa hiyo anayepanga kununua nyumba mwaka huu namsihi asubiri: mkopo wa miaka 30 hauvumilii mchezo, na tofauti ndogo ya alama inaweza kumpandisha riba. Kadi za maduka, unazopewa ukiwa kwenye foleni ya kulipia nguo kwa ahadi ya punguzo, nazipinga moja kwa moja. Riba zake huwa kali. Lakini mwenye kadi moja ya mwaka mzima, anayelipa deni lote kila mwezi na hana mkopo mkubwa mbele yake, sioni kwa nini aogope ya pili. Aanze kwa kuangalia kwenye tovuti ya benki kama anaelekea kukubaliwa. Ukaguzi huo wa awali haupunguzi hata alama moja, na humwepusha kutuma maombi ya kubahatisha.