Filamu ya sonona haihitaji machozi

Filamu fupi nyingi kuhusu sonona unaweza kuzihadithia kabla hujazitazama. Mtu kakaa kando ya dirisha lenye matone ya mvua, piano inalia polepole, chozi linashuka, kila kitu kina rangi ya bluu. Dakika ya nane anafunguka kwa rafiki, wanakumbatiana, maneno ya matumaini yanapanda kwenye skrini. Wanaozitengeneza wana nia njema na wametoa jasho lao. Lakini aliyeishi na ugonjwa huu akitazama hajioni humo, na asiyeujua anatoka na imani ile ile aliyoingia nayo, kwamba sonona ni huzuni iliyozidi.

Msimamo wangu ni huu: mbele ya kamera, sonona ionekane kupitia kazi ndogo zinazomshinda mtu. Huzuni hukaa ndani, na mwigizaji akilazimishwa kuitoa nje huishia kuzidisha. Kazi iliyomshinda mtu inaonekana kwa macho, ina mwanzo na katikati, na mtazamaji anaifuata mwenyewe bila kuambiwa ahisi nini.

Hata madaktari wanaujua ugonjwa huu kwa mtindo huo. DSM-5, mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani, unataja dalili 9: moyo kuzama, kukosa hamu na raha, hamu ya chakula au uzito kubadilika, usingizi kupotea au kuzidi, mwili kuwa mzito au kutotulia, uchovu, kujilaumu na kujiona hufai, kushindwa kumakinika au kuamua, na mawazo ya kifo. Zinatakiwa angalau 5, kwa muda usiopungua wiki 2, na mojawapo iwe kati ya zile mbili za kwanza. Kulia kumetajwa kama mfano tu ndani ya dalili ya kwanza. Zilizobaki nyingi ni za mwili na za shughuli, yaani vitu ambavyo kamera inaviona.

Usizibebe zote 9. Filamu ya dakika kumi inayopitia kila dalili inakuwa bango la kliniki. Chagua mbili au tatu zinazokaa pamoja, kwa mfano uzito wa mwili na kushindwa kuamua, kisha uandike skripti yako juu ya hizo. Na uangalie urefu. Tumezoea kuhesabu ukurasa mmoja kwa dakika moja, lakini filamu yenye ukimya na mwendo wa polepole huvuta ukurasa hadi dakika moja na nusu. Ukitaka dakika kumi, andika kurasa 7. Academy inayotoa tuzo za Oscar inakubali filamu fupi hadi dakika 40 pamoja na majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni, ila ratiba za matamasha hujazwa kwa urahisi zaidi na filamu isiyozidi dakika 15.

Chukua mfano wa nguo zilizolowekwa. Asubuhi mhusika analoweka nguo zake, povu limejaa hadi ukingoni mwa ndoo. Kesho yake povu limekufa, maji yamekuwa ya kijivu, nguo ziko vile vile. Siku ya tatu zinanuka. Anamwaga maji, anaweka mengine na sabuni, anaondoka. Anayeujua ugonjwa ataelewa papo hapo. Asiyeujua ataanza kujiuliza kwa nini mtu mwenye mikono miwili ameshindwa kufua nguo tano, na swali hilo litamshika hadi mwisho.

Sini hiyo, yaani tukio hilo la siku tatu, utaipiga ndani ya siku moja, kwa hiyo usitegemee ndoo moja. Andaa tatu za rangi na ukubwa ule ule, na nguo za juu, zile zinazoonekana, zifanane. Ndoo ya kwanza itie povu dakika mbili tu kabla ya kamera kuwaka, maana povu huanguka upesi. Ya pili na ya tatu zilowekwe tangu siku iliyotangulia ili maji yapate rangi ya kweli. Usifute ule mstari wa povu lililokauka kwenye ukuta wa ndoo. Huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba muda umepita, na ukiwepo huhitaji kuandika "siku mbili baadaye". Kamera ikae kwenye stendi, na miguu ya stendi pamoja na mahali pa ndoo viwekewe alama za tepu sakafuni. Andika lenzi uliyotumia na kimo cha kamera. Piga picha ya simu kila ndoo inapobadilishwa.

Kinachoharibu sini kama hii ni dirisha. Ikiwa siku zote tatu ni saa ile ile, kivuli kinatakiwa kiangukie pale pale, na jua halitakusubiri ubadilishe ndoo. Amua mapema: ama uzibe dirisha kwa kitambaa na kuweka taa yako mwenyewe, ama siku moja ya hadithi uifanye asubuhi, nyingine mchana na nyingine alasiri, na uliache jua likufanyie kazi. Kuamua ukiwa tayari kwenye seti ndiko kunakozaa shoti tatu zisizoungana. White balance, yaani jinsi kamera inavyopima rangi ya mwanga, nayo usiiache ijiendeshe. Ifunge kwenye 5600K kama unategemea mwanga wa mchana, la sivyo rangi itahama katikati ya shoti. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 ukirekodi fremu 25 kwa sekunde. Panapotumika umeme wa 60Hz, 1/60 hupunguza taa kumetameta kwenye picha.

Rangi ya bluu iacheni. Mtu aliyelala saa saba mchana huku jua kali limejaa chumbani anauma zaidi kuliko aliyekaa gizani, kwa sababu dunia ya nje inaendelea vizuri na yeye anaiona.

Simu ni chombo kingine kizuri. Ujumbe unaingia: "Mbona kimya?" Anaandika sentensi ndefu, anafuta, anaandika fupi, anafuta, anatuma "niko poa". Kwenye seti tumia picha tuli za skrini zilizoandaliwa, simu ikiwa imezimwa mtandao, kwani ujumbe wa kweli wa mwigizaji utaingia katikati ya teki (rudio la kurekodi) iliyo bora. Punguza mwanga wa skrini hadi maandishi yasomeke bila kuungua kwa weupe, na ukiona mistari inatambaa juu yake, rekebisha shata kidogo kidogo.

Kwa mwigizaji, neno "huzunika" lisitoke kinywani mwa mwongozaji. Mpe kitendo na kizuizi: unataka kunyanyuka, mguu umekuwa mzito. Wagonjwa wengine huchelewa kujibu, na hilo linaweza kufanyiwa mazoezi: ahesabu mbili kimoyomoyo kabla ya kila jibu, na anayeigiza naye aonywe asiizibe nafasi hiyo kwa maneno. Mhariri pia aambiwe, maana kwa mazoea yake atazikata hizo pause zote. Tena weka walau sini moja ambamo mhusika anacheka na watu vizuri kabisa. Wengi huumwa hivyo, wakiwa wachangamfu mbele za watu na wameishiwa nguvu mlango ukifungwa. Filamu isiyo na sini hiyo inawafundisha watazamaji kwamba anayecheka haumwi, na fundisho hilo ni la hatari.

Sauti ndiyo inayobeba upweke, na ndiyo inayosahaulika. Kila chumba kirekodiwe ukimya wake kwa sekunde 60, watu wote wakiwa ndani wametulia, kinasa sauti kikiwa kimewekwa kwenye 48kHz na biti 24. Mazungumzo yagonge karibu na -12dB kwenye kipimo cha kinasa hicho. Jokofu lizimwe, na funguo za gari ziwekwe ndani yake ili asiondoke mtu kabla halijawashwa tena. Usijaribu kuonyesha utupu kwa kuikata sauti yote: ukimya kamili ukumbini hufanya watu wageuke kuangalia kama spika zimeharibika. Rekodi badala yake maisha ya wengine yanayopita ukutani, redio ya jirani, watoto, mlango wa mtu anayekwenda kazini. Sauti ya ndani inayosimulia mawazo ya mhusika mimi naikataa karibu kila mara, kwa kuwa inaeleza kile ambacho ndoo imeshasema.

Mtaalamu wa afya ya akili asipewe wazo tu, apewe skripti nzima, na maswali yawe ya wazi: imepita wiki ngapi hapa? Mtu wa hali hii angeweza kufanya kitendo hiki? Hapo ndipo kosa la dawa hunaswa. Mhusika anameza kidonge usiku na asubuhi anafungua mapazia akitabasamu, jambo ambalo halitokei. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi usingizi na hamu ya kula hurudi kabla ya moyo kupata nafuu. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi: mtu ameanza kulala na kula, wote nyumbani wanashangilia, na yeye bado hasikii kitu. Watafute pia watu walioishi na ugonjwa wasome. Walipwe kama wataalamu wengine, na kisa cha mtu kisitumike bila idhini yake ya maandishi, hata ukibadilisha jina.

Kuhusu kujiua, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 mahsusi kwa watengeneza filamu na watu wa jukwaani. Unashauri kutokuonyesha tendo wala njia iliyotumika, na kuonyesha thamani ya msaada wa watu wa karibu na wa huduma. Nadhani filamu fupi iende mbali zaidi: usikitumie kifo kama mwisho. Dakika kumi hazitoshi kueleza sababu nyingi zinazokutana hapo, na kifo kikija ghafla kinaonekana kama jibu la tatizo. Uponyaji wa ghafla nao hausaidii. Miisho inayosimama ni ile ya hatua moja tu, mhusika akisuuza nguo mbili na kuziacha tatu.

Wanaofanya kazi hii nao ni watu. Usimuulize mwigizaji historia yake ya matibabu. Muulize ni sini zipi hatazifanya. Sini nzito zipangwe katikati ya siku, zifuatwe na nyepesi, maana zikiwa za mwisho mtu anakwenda nazo nyumbani peke yake. Teki nne zinatosha. Awepo kwenye seti mtu mmoja, asiyekuwa mwongozaji, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Kurasa 3 au 4 kwa siku, saa 10 za kazi, basi. Na mkumbukeni mhariri, ambaye atakaa na picha hizo wiki nzima mbele ya kompyuta wakati wengine wameshatawanyika, mpigieni simu.

Uhariri wa kwanza ufanyike bila muziki, kwani muziki huficha shoti dhaifu. Shoti ambayo kwa kawaida ungeiacha sekunde 4 inaweza kukaa 12, ili mradi ndani yake kuna swali: atanyanyuka au hatanyanyuka? Bila swali inakuwa shoti ndefu tu. Ukiwaonyesha watu watano, usiwaulize kama wameipenda. Waulize muda gani umepita ndani ya hadithi. Wakisema siku mbili wakati wewe ulikusudia wiki tatu, rudi kwenye vitu vinavyoonyesha muda kupita: ndevu, kucha, vumbi, kalenda ambayo haijageuzwa.

Filamu ikishakamilika, nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Usiipandishe mtandaoni kabla ya kusoma masharti ya matamasha unayoyalenga, kwa kuwa baadhi hukataa iliyokwisha kuonekana. Mwishoni weka taarifa za huduma za msaada za mahali inapoonyeshwa, zikae kwenye skrini sekunde 10 kamili, na kabla ya kila onyesho mtu azipigie namba hizo ahakikishe zinapokelewa.