Supamaketi Kigoma: nani anamkopesha nani?

Sokoni Mwanga kuna mama muuza mawese ninayenunua kwake tangu niko sekondari. Anapima kwenye chupa za maji, anakaza kifuniko, anaifuta chupa kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe. Juzi nilikuta pembeni yake boksi la chupa mpya za lita moja, zina lebo yenye picha ya mchikichi. "Hizo za supamaketi, mwanangu," akaniambia. Nikampongeza. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ngoja nilipwe kwanza." Alikuwa ameshapeleka chupa arobaini kwa mali kauli, wiki ya saba imeingia, na kila akienda anaambiwa mhasibu katoka.

Chupa arobaini za lita moja ni madumu mawili. Mtaji wake wote ni madumu matano.

Mjini kwetu mjadala wa supamaketi huwa na kambi mbili. Wengine wanasema zikiongezeka zitaua soko na maduka ya mitaani. Wengine wanasema huko ndiko kuendelea, mji hauwezi kubaki na makuti na mafungu ya nyanya milele. Nimezisikiliza kambi zote mbili na naona zinabishania jengo, wakati jambo lenyewe liko kwenye deni: nani anamkopesha nani, na kwa muda gani.

Chukua duka la mtaani. Pale Kibirizi, na hata Katonga, fedha inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka boti nyingi hupumzika na mifuko nayo hupumzika. Siku hizo mwenye duka anafungua daftari: sukari nusu robo, mafuta ya kupima, kiberiti, mchele nusu kilo. Giza likirudi, boti zikiingia, watu wanalipa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, giza lilirudi lakini boti hazikutoka. Jirani yangu mwenye duka alimaliza daftari moja akaanza la pili. Hakuna mashine ya risiti inayojua mbalamwezi, na keshia hata akiwa mpwa wako hawezi kukuandika.

Kwa hiyo hofu kwamba supamaketi itaua soko la chakula cha maskini naiona imezidi. Supamaketi haiuzi kwa nusu robo wala haina fungu la dagaa la mboga ya leo tu. Mfumo wake, ule wa mteja kujichukulia mwenyewe rafuni, ulianzia Memphis, Marekani, mwaka 1916 kwenye duka la Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja wa kule naye alisimama kaunta akataja anachotaka, kama sisi. Unamfaa mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na mahali pa kuhifadhi vitu. Watu hao wapo Kigoma na wanaongezeka, ila mvuvi wa kibarua si mmoja wao.

Lakini nisiwe wa upande mmoja. Ukiwa mgeni, sokoni bei inakusoma uso kwanza. Nina shemeji kutoka Dodoma ambaye mara ya kwanza alinunua samaki wa migebuka kwa bei iliyotufanya nyumbani tunyamaze. Supamaketini bei imebandikwa, mizani haina kidole cha mtu, na tarehe ya mwisho wa matumizi inaonekana hata kama imechapwa vibaya. Kuna suala la friji pia. Hadi mwaka 2022 tulikuwa tunategemea umeme wa majenereta ya dizeli. Tangu gridi ya taifa ifike, kuweka maziwa na nyama kwenye baridi siku nzima si anasa tena. Mwenye mtoto mchanga anajua thamani ya hilo kuliko mimi ninayeandika.

Na wanaotaka serikali izibane supamaketi ili kumlinda mwenye duka, wakae na wazee kidogo. Watasimuliwa Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka binafsi yalipofungwa ili ya ushirika yashike nafasi, bidhaa zikaadimika. Watasimuliwa na RTC, yale makampuni ya serikali ya biashara ya mikoa, foleni ya sukari, na jinsi kumjua mtu wa stoo kulivyokuwa cheo. Tumeshajaribu kumwamulia mlaji anunue wapi.

Kinachoniuma ni rafu ya mafuta. Mkoa huu ni wa michikichi. Kampeni kubwa ya kufufua zao hili ilianzia hapa mwaka 2018, miche ya kisasa inatoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa nje. Sasa ingia supamaketi yoyote mjini. Utakutana na madumu ya manjano yanayong'aa, na mengi ya mafuta hayo asili yake ni michikichi ya Malaysia na Indonesia: yamevuka bahari, yakasafishwa Dar es Salaam, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuja kuuzwa kwa watu waliozaliwa chini ya mchikichi. Mawese yetu, yakiwepo, yako rafu ya chini karibu na sabuni.

Mwenye supamaketi ana jibu lake, na si jibu baya. Anasema wazalishaji wetu leo wanaleta chupa ishirini, mwezi ujao hakuna, rangi inabadilika, wengine hawana alama ya ubora ya TBS wala msimbomilia, na mashine ya kaunta haisomi lebo isiyo na mistari. Kiwanda cha Dar kinaleta mzigo ule ule kila wiki. Hapo siwezi kumbishia. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha ufungashaji, lakini kufundishwa ni jambo moja na kumudu chupa elfu mfululizo ni jingine.

Ila asichokisema ni kwamba chupa ya mama yule inauzwa taslimu leo, na yeye analipwa baada ya miezi miwili. Katikati hapo fedha yake inazunguka kwenye bidhaa nyingine. Mwenye duka wa Kibirizi anamkopesha mteja. Supamaketi inakopeshwa na msambazaji. Kiwanda kikubwa kikicheleweshewa kinasimamisha mzigo na simu inapigwa siku hiyo hiyo. Mama akisimamisha chupa zake, rafu inajazwa kitu kingine kabla ya saa sita mchana.

Na deni la namna hii likiporomoka huwa halichagui. Supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilifunga matawi yake ya Tanzania mwaka 2015, mwenzake Nakumatt ikaanguka kuanzia 2017, na wasambazaji wakabaki na ankara mikononi. Wenzetu wa Kenya hawakufunga supamaketi kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 walirekebisha sheria yao ya ushindani ili mnunuzi mkubwa asicheleweshe malipo bila sababu ya msingi. Hiyo ndiyo aina ya udhibiti ambayo ningependa wabunge wetu wa Kigoma waisome, badala ya kugombania nani apewe kiwanja cha kujenga duka kubwa.

Kuhusu afya nitapita haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa katika miji midogo ya Kenya, ulikuta watu wazima wanaonunua supamaketi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito uliozidi, lakini kwa watoto utapiamlo ulikuwa umepungua. Soda na biskuti huku, maziwa na mayai kule. Kila kambi itachukua nusu inayoipenda.

Jumamosi nilipita tena Mwanga. Nusu ya malipo yalikuwa yametoka. Nikamuuliza kama atapeleka tena. "Nitapeleka," akasema, "lakini kumi. Na ninazipeleka mwenyewe saa bosi yupo." Zile nyingine zenye lebo alikuwa amezipanga pale pale mezani, mbele ya chupa za maji, na alikuwa ameongeza mia tatu kwenye bei. Nikanunua moja. Sikupewa punguzo.